Kiuno chauma, figo zasingiziwa
Na Mwanaidi Shomari

Mtu akiinama kufunga kamba za viatu akashindwa kunyooka, utamsikia: "Figo hizi." Dereva wa bodaboda aliyeshinda juu ya pikipiki, kibarua aliyebeba zege kutwa, mama aliyefua mashuka ya nyumba nzima, wote jioni hushika kiuno na kuzishtaki figo. Nazo, mara nyingi, hazina habari.

Wengi hushika pale mkanda wa suruali unapopita. Figo hazikai huko. Zimejificha juu zaidi, nyuma ya mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo, ya kulia ikiwa chini kidogo kwa sababu ya ini. Zikiuma, maumivu hukaa ubavuni, mara nyingi upande mmoja.

Misuli na pingili zikiuma, maumivu hufuata unavyokaa: ukiinama yanazidi, ukilala chali ukakunja magoti yanapoa, pengine yanashuka pajani hadi unyayoni. Figo haijali umekaaje. Mwenye jiwe lililokwama kwenye mrija wa kwenda kibofuni hatulii: analala, anainuka, anazunguka chumba, anatapika. Maumivu yanapanda na kushuka, yanateremka kinenani hadi sehemu za siri, ndiyo maana wapo wanaoambiwa ni ngiri wakapewa mizizi ya kuchemsha. Mkojo unaweza kuwa na damu. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo huja na homa na kutetemeka, na pengine mkojo kuunguza. Huyo, hasa akiwa mjamzito, asingoje kesho. (Kwetu ukitaja kutetemeka, umetaja malaria. Kipimo kikitoka safi, mkojo nao upimwe.)

Wala kiuno kisidharauliwe. Miguu ikifa ganzi, au haja zikaanza kutoka zenyewe, ni dharura. Mgongo ukiambatana na homa za jioni na kukonda, kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo.

Kinachoniudhi ni kinachofuata. Mgonjwa huyu wa figo wa kujitangazia anakwenda duka la dawa, ananunua diklofenaki, anameza wiki, anameza mwezi. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mwenye presha, kisukari au umri mkubwa, au aliyeshinda juani bila maji, zinaweza kuziumiza kweli. Akichoka na vidonge anageukia chupa ya "kusafisha figo" inayonadiwa kwa kipaza sauti. Figo si sufuria ya kusuguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo, na mwaka 1993 madaktari wakaliandika jambo hilo. Mmea ulioshukiwa, na baadaye ukathibitika, ni wa jamii ya Aristolochia. Dawa ilikuwa ya asili, na figo zilikufa vilevile.

Na ugonjwa unaowafikisha watu kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara, mara nyingi hauumi. Presha na sukari huzila figo miaka mingi bila kelele. Miguu na uso vikianza kuvimba, mambo yamekwenda mbali. Hujulikana mapema kwa kupima kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, na anayestahili kupimwa anaweza kuwa yule ambaye kiuno hakijawahi kumsumbua.

Ombi langu ni kwa wauza dawa. Kabla ya kutoa diklofenaki, mteja aulizwe kama ana presha au sukari, na mara ya mwisho alipima lini. Asiyejua aelekezwe zahanati kwanza. Kwa usiku mmoja, wengi wanaweza kustahimili kwa parasetamoli.