Kiwavi wa pamba ana bodi, wa mwembe wa uani hana mwenyewe

Shinyanga/Geita. Mvua za Novemba zikikolea, maisha ya kaya nyingi yanahamia chini ya mwembe. Watoto wanacheza hapo, mama anachambua mlenda hapo, baiskeli inaegeshwa hapo. Halafu asubuhi moja shina limejaa viwavi wenye manyoya, wamelundikana kama kipande cha blanketi, na wa kwanza kuegemea mti anaanza kujikuna shingo.

Hapo mkono hukimbilia kitu kimoja kati ya viwili: tambara lenye mafuta ya taa na kiberiti, au pampu ya mgongoni yenye sumu ya pamba iliyobaki msimu uliopita. Vyote viwili vinaua viwavi. Vyote viwili vinaweza kuiacha nyumba pabaya kuliko ilivyokuwa.

Kiwavi anakufa, manyoya yanabaki

Siku hizi ukitaja washawasha, wengi wanafikiria gari la polisi la kumwaga maji. Neno lilikuwepo kabla ya gari, na kazi ya washawasha wa mtini ni ileile: kukusogeza mbali bila kukugusa.

Manyoya marefu yanayoonekana kwa macho siyo tatizo kubwa. Tatizo ni yale madogo mno, yenye ncha kama mkuki, yanayokatika na kupeperuka. Yakitua kwenye ngozi yanawasha na kuvimbisha. Yakiingia machoni yanaweza kuzama ndani ya jicho. Yakivutwa kwa pumzi, mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Na hayategemei uhai wa kiwavi. Kiwavi aliyekufa, ngozi aliyoivua na kifuko alichokiacha, vyote vinaendelea kuwasha.

Mfano mzuri ni nondo aitwaye Anaphe panda, anayepatikana Afrika Mashariki. Viwavi wake wanaishi kwa makundi na kusuka kifuko kimoja kikubwa cha hariri. Kule msitu wa Kakamega, Kenya, wamefanyiwa utafiti kwa ajili ya hariri hiyo. Lakini anayepasua kifuko kilichokauka bila kujikinga anawashwa hata kama ndani hamna kiwavi hata mmoja.

Ndiyo maana moto ni wazo baya. Joto na moshi vinayapandisha manyoya juu, upepo unayagawa kwa majirani. Kufagia pakavu chini ya mti kunafanya hivyohivyo. London, ambako viwavi wa aina hii wanashambulia mialoni tangu katikati ya miaka ya 2000, wananchi wanaambiwa wasiguse vifuko kabisa. Vinaondolewa na mafundi waliovaa mavazi maalumu.

Shinyanga hakuna fundi wa namna hiyo wa kumpigia simu. Kilichopo ni maji, sabuni na subira. Viwavi walio kwenye tawi la chini wanalowanishwa kwanza kwa maji ya sabuni, taratibu, kwa sababu unyoya uliolowa haupeperuki. Kisha tawi linakatwa na kuzamishwa kwenye ndoo yenye maji ya sabuni. Viwavi wakishakufa wanafukiwa, siyo kutupwa jalalani. Anayefanya kazi hiyo anavaa mikono mirefu, glavu, miwani na kitambaa puani, na anachagua wakati usio na upepo. Watoto na mifugo wawe mbali.

Wakiwa juu sana, bora kuwaacha na kuzuia watu kukaa chini ya mti kwa wiki chache. Mwembe mkubwa ukiliwa majani unachipua tena. Kupanda ngazi ukiwa unajikuna macho ni njia ya kuvunjika mguu.

Tena, siyo kila kiwavi ni wa kuogopwa. Yule wa kwenye mlimao, anayefanana na kinyesi cha ndege akiwa mdogo na kutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu akiguswa, hana sumu yoyote kwa binadamu. Baadaye anakuwa kipepeo mkubwa mweusi wenye madoa ya njano. Kuna mwingine wa kijani mwenye miiba, Parasa vivida, anayejulikana kwa wakulima wa kahawa. Huyo anachoma papo hapo kama nyuki. Kwa hiyo kabla ya kushika chochote, piga picha kwanza.

Ekapaki chini ya kitanda

Ukanda wa magharibi, yaani Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na mikoa jirani, unatoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania. Sumu ya wadudu wa pamba hufika vijijini kwa ekapaki, kipimo cha ekari moja. Isipoisha inabaki nyumbani, na mwembe ukipata viwavi, basi dawa si ipo?

Ipo, ila kwa kazi nyingine. Mmea wa pamba uko usawa wa kiuno, mpulizaji anaelekeza bomba chini na mbele. Mwembe uko juu ya kichwa. Anayepuliza anasimama chini ya mvua ya sumu yake mwenyewe, inamrudia usoni, shingoni na mgongoni. Inayobaki inatua kwenye mlenda, kwenye ndoo ya maji, kwenye kuku.

Halafu kuna suala la tarehe. Viwavi wa mvua wanakuja embe zikiwa mtini. Pamba hailiwi, embe inaliwa na mtoto bila kuoshwa, dakika hiyohiyo inapodondoka. Kiuatilifu chochote cha chakula kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hakuna mtoto anayesubiri.

Baadhi ya sumu zinazotumika kwenye pamba duniani, kama profenofosi, zinashambulia mfumo wa fahamu, wa mdudu na wa binadamu pia. Nyingine zilishaondolewa: endosulfani, iliyopulizwa kwenye pamba kwa miaka mingi, iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011. Kopo la zamani lisilo na lebo halikuambii liko upande gani.

Lebo ikiwepo, angalia mstari wa rangi chini yake. Nyekundu ni hatari kubwa zaidi, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Nyekundu na njano hazina kazi uani.

Geita mazoea ya kemikali yana historia yake. Wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukamata dhahabu kwa miaka mingi, mara nyingi kwa mikono mitupu, na kuichoma jirani na makazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Lakini mtu aliyeshika zebaki kiganjani kila siku na bado yuko mzima hatishwi kirahisi na kopo la dawa ya pamba. Madhara ya vitu hivi hayaji na kelele, na huo ndio ugumu wa kuyaeleza.

Njia mbadala zipo. Mwarobaini umejaa Shinyanga. Mbegu zake zikitwangwa, kulowekwa usiku kucha na kuchujwa, maji yake yanawazuia viwavi wachanga kula na kukua. Yapulizwe jioni maana jua linaharibu nguvu yake, na hayasaidii sana viwavi wakishakuwa wakubwa. Zipo pia dawa zinazotokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, anayeua viwavi wanapokula majani. Tatizo la hizo ni kuzipata, kwani duka la pembejeo linaweka kinachotoka, na kinachotoka huku ni sumu ya pamba na mahindi.

Mti ni wa serikali, viwavi ni vyako

Funza wa vitumba vya pamba ana Bodi ya Pamba na ana watafiti wa TARI Ukiriguru, Misungwi. Viwavijeshi vamizi walipoingia kwenye mahindi mwaka 2017, nchi nzima ilisikia. Wote hao hawamwashi mtu. Yule anayempeleka mtoto zahanati akiwa amevimba kope hayumo kwenye mpango wowote unaomfikia mwenye nyumba.

Siyo kwamba sheria hakuna. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda TPHPA, mamlaka yenye makao makuu Arusha inayosajili viuatilifu na kusimamia wanaoviuza. Lakini afisa kilimo wa kata anapimwa kwa pamba na mahindi, na watu wa misitu wanaangalia hifadhi. Mti wa uani unaanguka katikati.

Jambo hili lina uzito wa pekee Shinyanga. Wakati wa ukoloni miti mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kuondoa mbung'o. Kuanzia 1986 mradi wa HASHI uliwarudisha watu kwenye ngitili, na makadirio yanayotajwa ni kutoka hekta 600 hivi hadi zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila halmashauri nayo imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Miche inagawiwa, picha zinapigwa. Miaka mitano baadaye mti una viwavi, na mwenye nyumba akikosa wa kumuuliza atachukua shoka.

Marekebisho hayahitaji bajeti kubwa. Mkutano wa kijiji wa kugawa ekapaki ndio huohuo unaoweza kutumika kusema hii siyo ya mwembe. Afisa ugani mwenye WhatsApp anaweza kutambua kiwavi kwa picha kabla mtu hajavaa pampu.

Ikishatokea

Aliyeguswa na manyoya asijikune. Selotepu inabandikwa na kubanduliwa mara kadhaa ili kuyatoa, kisha ngozi inaoshwa kwa maji mengi na sabuni, na nguo zinafuliwa peke yake. Jicho lisuuzwe kwa maji safi bila kusuguliwa, halafu hospitali siku hiyohiyo. Anayebanwa pumzi au kuvimba uso na midomo asisubiri kuona kama itapungua.

Aliyepata sumu ya kupuliza ni habari nyingine. Jasho jingi, mate kumtoka, mboni za macho kuwa ndogo na kupumua kwa shida ni dalili za haraka. Avuliwe nguo, aoshwe, akimbizwe kituo cha afya. Maziwa hayaondoi sumu hiyo mwilini, na kumtapisha kunaweza kuipeleka kwenye mapafu. Kinachomsaidia daktari kuchagua tiba ni jina la dawa, kwa hiyo wanaompeleka wabebe kopo lenyewe, au angalau picha ya lebo kwenye simu.