Mnyoo wa Njano Hakutoka kwenye Samadi

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Hivyo tilapia wakaingia jikoni Nyeri, na maneno yakawafuata.

“Mwenye vidonge vya njano kalishwa uchafu wa samadi.” Sivyo. Pasua karibu na mashavu, toa kidonge kimoja kwa ncha ya kisu, kitie kwenye maji vuguvugu. Kifuko kikipasuka, mnyoo bapa hujinyoosha humo. Huyo ni Klinostomu. Mama yake anaishi kooni mwa korongo. Korongo akichovya mdomo bwawani, mayai hubaki majini. Anayeanguliwa humwingia konokono, kisha samaki, halafu hungoja korongo mwingine aje kula. Kwa hiyo fyeka majani ya kingoni anamozaliana konokono, utande wavu juu ya bwawa. Samadi usiilaumu.

“Minyoo ni minyoo, dawa ni moja.” Hili limewala wafugaji pesa nyingi. Weka kipande cha shavu chini ya hadubini: mwenye madoa manne ya macho ni Daktilogiro, hutaga mayai. Asiye na madoa, tena amebeba mtoto tumboni mwenye kulabu tayari, ni Jirodaktilo. Wote wawili hawahitaji konokono. Samaki wakibanana tu, wanahamia. Dawa inayomuua Daktilogiro mara nyingi huyaacha mayai yake, basi usiporudia umetupa hela. Na Trikodina, anayezunguka kama gurudumu, si mnyoo hata kidogo: ni seli moja. Ukitaka jibu, mpeleke samaki akiwa hai kwenye kituo cha samaki cha Sagana, kilichopo tangu 1948. Akishakufa, vimelea vya ngozi havikai.

“Maji baridi ya mlima hayana wadudu.” Jirodaktilo amemaliza samoni wachanga kwenye mito ya Norwei, na Norwei si Mombasa.

“Ukimla atakuingia.” Japani na Korea Klinostomu amewahi kunasa watu kooni, lakini hao walikula samaki mbichi. Huku Othaya, Nyeri, sijamwona mtu anayekula hivyo. Moto humuua mnyoo huyo.

Hata hivyo simlaumu mama anayemrudishia muuzaji samaki wa vidonge. Macho nayo hula. Mimi huomba bei ishuke, nikavitoa kimoja kimoja kwa kisu, nikamtia mafutani. Mke wangu bado hajaonja.