Mwenye kompyuta awe na haki ya kuondoa asichokihitaji

Muuza duka anayekwenda kununua sukari kwa bei ya jumla hukasirika akiambiwa na mwenye ghala kwamba hapati hata gunia moja mpaka achukue na katoni ya sabuni. Anajua sabuni hiyo itamkalia dukani, na kwamba fedha na nafasi yake vimechukuliwa bila ridhaa yake. Lakini muuza duka huyo huyo akinunua kompyuta ya kuwekea hesabu hukuta ndani yake programu ambazo hakuziomba, na nyingine hazina hata kitufe cha kuziondolea.

Mfano ulio wazi ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Kompyuta nyingi za dukani hutumia mfumo wa Windows wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, na ndani ya Windows kimo kivinjari cha kampuni hiyo hiyo, Edge. Mwenye duka la pembejeo aliyezoea Chrome au Firefox anaweza kupakia anachokitaka, lakini Edge hubaki palepale. Inaweza kujiwasha chinichini na kujisasisha yenyewe. Kwa anayenunua intaneti kwa bando na kutumia kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo, hilo si jambo dogo.

Mgogoro huu una historia. Mwezi Mei 1998 serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa iliishitaki Microsoft kwa mambo ya ushindani, likiwamo la kufungasha kivinjari cha Internet Explorer pamoja na Windows. Kampuni ilidai kwamba viwili hivyo havitenganishiki. Profesa Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton alitoa ushahidi mahakamani, akionyesha programu aliyoitengeneza kukiondoa kivinjari hicho. Mwaka 2000 jaji aliamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilitengua amri hiyo, ingawa ilikubali kwamba kampuni ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake.

Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2010 wanunuzi wa Windows huko walionyeshwa orodha ya vivinjari wachague wenyewe. Orodha hiyo ilipokosekana kwa muda katika baadhi ya kompyuta, Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 561 mwaka 2013. Mwaka 2024, sheria mpya ya masoko ya kidijiti ilipoanza kuzibana kampuni kubwa, watumiaji wa Windows barani humo walipewa uwezo wa kuiondoa Edge kabisa.

Hapo ndipo penye hoja. Kinachowezekana Ulaya hakiwezi kuwa muhali Mbeya au Eldoret, maana Windows ni ile ile. Ni kweli kwamba kivinjari cha kuanzia kinafaa, kwani bila hicho mnunuzi hana njia rahisi ya kupakua kingine. Hakuna anayedai kompyuta ziuzwe bila kivinjari. Kinachodaiwa ni kitufe cha kukiondoa kazi yake ikiisha. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Kenya ina ya mwaka 2010. Mamlaka zinazozisimamia zina wajibu wa kuuliza kwa nini mnunuzi wa hapa apewe haki pungufu kwa bidhaa ile ile.

Wakati hayo yakisubiriwa, wenye kompyuta wasikimbilie kung'oa kwa nguvu. Kufuta mafaili ya mfumo ovyo kunaweza kuharibu programu nyingine zinazotegemea sehemu ya Edge, na mara nyingi masasisho ya Windows hukirudisha kilichofutwa. Vifaa vya kuondolea vinavyopakuliwa kutoka kwa watu wasiojulikana ni hatari zaidi, kwa kuwa kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye hesabu za duka na maneno ya siri ya benki.

Njia salama ni kuizima. Kwanza, mtumiaji apakie kivinjari anachokitaka kutoka kwa watengenezaji wenyewe, kisha akifanye cha chaguo-msingi katika mipangilio ya Windows. Pili, afungue mipangilio ya Edge, sehemu ya mfumo, azime kitufe kinachoiandaa mapema kompyuta inapowaka, na kile kinachoiacha ikifanya kazi baada ya kufungwa. Tatu, katika mipangilio ya mtandao aiarifu Windows kwamba intaneti yake ni ya kulipiwa kwa kipimo, ili upakuaji wa chinichini upungue. Lakini asiache kusasisha, kwani kivinjari kilichomo ndani, hata kisipotumika, kikiwa kikuukuu ni mlango wa wezi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kivinjari kisicholima katika shamba la mwenye kompyuta kisizuiwe kuaga, na ruhusa hiyo iwe mkononi mwa mwenye nyumba.