Mshukiwa Asikabidhiwe Ushahidi Autunze

Juni 25, 2025, umati ulipojaa barabarani Nairobi kuadhimisha mwaka mmoja tangu vijana waingie Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliviamuru vituo vya redio na televisheni viache kutangaza maandamano moja kwa moja. NTV na KTN zikaondolewa hewani. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo, na ilistahili kusimamishwa. Serikali ilitaka kuzima kamera katika mwezi uleule ambao Wakenya walikuwa wameonyeshwa, kwa uchungu mkubwa, nini hutokea mahali ambapo polisi peke yao ndio wenye kamera.

Albert Ojwang, mwalimu mwenye umri wa miaka 31, alikamatwa Homa Bay Juni 7 kwa sababu ya machapisho kwenye mtandao wa X yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Kufikia asubuhi iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na michubuko mwilini, na mpasuaji maiti wa serikali akasema hayo si majeraha ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja alilazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ya kwanza ya polisi. Lagat akakaa kando kupisha uchunguzi.

Je, kamera za kituo? IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, iligundua kwamba mfumo wa kamera hizo ulikuwa umechezewa.

Watetezi wa polisi wana hoja zao. Maafisa nao huumizwa kazini, na siku ile ya Juni 25 majengo ya umma yalichomwa, yakiwemo ya mahakama kule Kikuyu. Matangazo ya moja kwa moja, wanadai, huchochea ghasia. Sawa, mwenye kuchoma jengo ashtakiwe, na picha za televisheni zitasaidia kumtambua. Hoja hiyo haielezi kwa nini mamilioni ya watu waliokaa majumbani wanyimwe kuona jinsi polisi wao wanavyofanya kazi.

Jambo linaloamua mjadala huu ni moja: nani anautunza ushahidi? Sheria ya IPOA ya mwaka 2011 inaagiza kwamba mtu akifa au akijeruhiwa vibaya mikononi mwa polisi, polisi waiarifu mamlaka hiyo, kisha wao wenyewe wachukue hatua za kuupata na kuuhifadhi ushahidi na kuukabidhi. Isome tena. Aliyekuwa na funguo za seli ndiye anayeandika kitabu cha matukio, ndiye mwenye chumba cha mitambo ya kamera, na ndiye anayetarajiwa kuvilinda vyote viwili hadi wachunguzi wafike. Hakuna mshukiwa mwingine nchini anayepewa nafasi kama hiyo. Aliyeshukiwa kuiba benki haachiwi rekodi za benki azihifadhi nyumbani kwake.

Tazama tofauti pale ambapo ushahidi uko mikononi mwa wengine. Juni 17, katika maandamano ya kudai haki kwa ajili ya Ojwang, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu katikati ya Nairobi, mbele ya kamera. Siku hiyohiyo polisi wakatangaza kukamatwa kwa afisa. Miezi miwili kabla, BBC ilikuwa imechambua zaidi ya picha 5,000 na kuwatambua maafisa waliowafyatulia risasi waandamanaji Bungeni mwaka 2024. Hata katika kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa mwaka 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, sehemu ya ushahidi ilikuwa ujumbe wa kuomba msaada ulioandikwa kwenye karatasi ya chooni na kutupwa nje ya seli, katika kambi ya polisi Syokimau. Hukumu ilipatikana mwaka 2022. Wakili aliyekuwa mikononi mwa serikali alilazimika kutegemea mpita njia.

Halafu viongozi wanasimama kuwalaumu wananchi kwa kutoiamini polisi! Imani wanayoidai inajengwa juu ya nini? IPOA ilieleza kwamba watu 20 walikuwa wamekufa mikononi mwa polisi katika miezi minne tu iliyotangulia kauli yake ya Juni 2025. Dola iliyoweza kumfikia mwalimu kijijini kwake kwa sababu ya maneno ya mtandaoni haikuweza, au haikutaka, kulinda picha za korido ya kituo chake katikati ya jiji kuu. Uwezo wa kufuatilia upo, ila umeelekezwa upande mmoja.

Maafisa kadhaa, akiwemo aliyekuwa mkuu wa kituo hicho, walishtakiwa kwa mauaji ya Ojwang, na ni mahakama itakayoamua nani ana hatia. Bunge lina kazi yake ambayo haihitaji kusubiri hukumu hiyo: liibadilishe Sheria ya IPOA ili picha za kila kituo cha polisi zitumwe moja kwa moja kwenye hifadhi isiyo chini ya polisi, na kuzima kamera ya kituo kuwe kosa la jinai linalombana mkuu wa kituo mwenyewe. Mbunge atakayeupinga mswada wa namna hiyo awaeleze wapigakura wake, kwa jina lake, ni kitu gani anataka kisionekane.