Ndoa Haipimwi kwa Hati ya Mshahara

Makamanda, tusizunguke. Dada yangu ana ukaazi wa kudumu Uingereza. Ili mumewe amfuate, lazima athibitishe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya 11 Aprili 2024 ilikuwa 18,600! Hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki, na kila pauni ilingane. Faida ya duka la shemeji hapa Tanga? Haihesabiwi hata senti.

Nasoma sheria, najua kila nchi ina haki ya kulinda hazina yake. Lakini dada anawalea wazee wao zamu za usiku, halafu anaambiwa hana uwezo wa kuishi na mume wake!

Na serikali yetu? Pesa za diaspora inazisifia, kwa hili sijaisikia. Waziri wa Mambo ya Nje, sema neno. Tunasubiri.