Njiti Moja ya Ukingoni

Juzi jioni nilikaa mkekani na mpwa wangu, kiberiti kizima tumekimwaga kati yetu. Tukapanga miraba iliyoshikana kwa mstari mmoja: mraba mmoja ulikula njiti 4, miwili 7, mitatu 10, minne 13. Miraba 50 je? Akajibu upesi: 50 mara 3, jumlisha 4, yaani 154. Hapo ndipo watoto wengi hujikwaa, na kuwakaririsha kanuni hakuwasaidii hata kidogo. Nikaichomoa ile njiti ya ukingo wa kushoto, nikaiweka kando. Kila mraba ukabaki na njiti zake 3, sawasawa na mwenzake. Mtoto akanyamaza, akapitisha kidole juu ya mstari, kisha akasema mwenyewe: miraba mara 3, halafu ile moja. Basi 50 inataka 151, si 154, kwa kuwa mraba wa kwanza una njiti 4, na toka huo hadi wa 50 kuna hatua 49 za njiti 3. Kanuni ya jumla ndiyo hiyo, 3n + 1, na n ni nafasi tu kwenye mstari. Hata Olimpiki ya kiangazi huhesabiwa hivyo: ilianza Athens 1896, kila awamu huongeza miaka 4, na zilizofutwa kwa vita nazo zimo kwenye hesabu, hivyo ya 34 ni 1896 jumlisha 33 mara 4, yaani 2028, Los Angeles. Walimu wangu, nawaomba: kabla hamjaandika n ubaoni, wapeni watoto njiti wazipange.