Kivu ya Kaskazini: Mwalimu aseme mtoto aelewe, aandike mzazi asome

Katika shule nyingi za Goma na Beni, darasa moja linakutanisha watoto wa wakaaji na wale ambao familia zao zilikimbia vita. Mmoja nyumbani anaongea Kihunde, mwingine Kinyarwanda, mwingine Kinande. Mwalimu anaingia, anageukia ubao, anaandika somo la Kifaransa toka juu hadi chini, kisha anauliza: « Mumeelewa? » Wote wanaitika ndiyo. Wengi hawakuelewa kitu.

Mtoto aliyehama anaogopa kuchekwa, hivyo ananyamaza. Mwisho wa mwaka anaitwa mjinga, na mwaka unaofuata harudi tena shuleni.

Kosa si la Kifaransa. Ndicho lugha rasmi kulingana na Katiba ya mwaka 2006, na mtoto atakikuta kwenye mtihani wa darasa la sita. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu pia kufundisha kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, na kwa lugha za mahali. Mwalimu anaweza kukata mkate vipande vine, aeleze robo kwa Kiswahili, ndipo alete neno la Kifaransa, aliandike kwa herufi kubwa na watoto walirudilie. Aseme polepole, akiwatazama watoto, si ubao. Na badala ya kuuliza kama wameelewa, aombe mmoja amweleze mwenzake kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ukweli utaonekana.

Upande wa maandishi pia kuna kazi. Tangazo la kuandikisha watoto kwa mtihani linabandikwa kwenye mlango wa direkta, kwa Kifaransa cha ofisi. Mama aliyepokelewa na familia moja ya mtaa analipita bila kujua linamhusu. Siku ya mwisho inapofika, jina la mtoto wake haliko. Mistari mine ya Kiswahili ingetosha: siku, saa, pahali, na kitu cha kuleta. Na kwa kuwa si kila mzazi anajua kusoma, mwalimu aisome kwa sauti mbele ya wanafunzi kabla hawajarudi nyumbani.

Walimu watajibu kwamba mshahara ni mdogo, tena unachelewa, na kwamba madarasa yamejaa tangu masomo ya shule ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019. Wana haki, na serikali isitumie lawama hizi kukwepa deni lake kwao. Ila kusema polepole na kuandika wazi hakuombi bajeti. Kwenye kikao cha walimu, mmoja afundishe dakika kumi huku wenzake wakimsikiliza, kisha wamwambie pahali walipopotea. Tangazo nalo lisomwe kwanza na mwenzake kabla ya kubandikwa. Direkta awe wa kwanza kukubali kusahihishwa.

Wazazi nao, hata wale waliofika jana, wasiogope kumwendea mwalimu na kumuuliza. Kuuliza si ujinga. Mtoto ambaye vita vilimnyanganya nyumba na shamba la wazazi wake asinyimwe na masomo, eti kwa sababu hakuna aliyemsemesha akaelewa.